Vizuizi vya ndani katika ukuaji wa kiroho (3): Kinyongo

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kiburi kinavyomnyima Mkristo nafasi ya kufundishwa. Leo tunaingia kwenye kizuizi cha tatu, kinyongo. Hiki huweza kuishi miaka mingi ndani ya mtu anayefunga, anayetoa zaka na asiyekosa mkesha.

Muumini akiona maombi yake yamepoa, aghalabu humtafuta mchawi nje. Atataja laana ya ukoo, jirani mwenye husuda au mchungaji aliyepungukiwa upako. Sikatai kwamba mapambano ya nje yapo. Paulo anayazungumzia katika Waefeso 6. Lakini katika Marko 7 Yesu anawaelekeza wanafunzi wake kwenye moyo, kwa kuwa humo ndimo unamoanzia uovu unaomtia mtu unajisi. Uchunguzi uanzie hapo.

Hapa Utemini na kwingineko katika Manispaa ya Singida, vyanzo vya kinyongo si vya ajabu. Ni mpaka wa shamba, mirathi iliyogawanywa kwa upendeleo, mkopo wa kikoba ambao haukurejeshwa, au neno lililosemwa kwenye kikao cha harusi. Mlutheri wa Dayosisi ya Kati, Mkatoliki wa Jimbo la Singida na Mpentekoste wote wanayajua haya. Wawili wanaweza kuimba kwaya moja na kushiriki meza moja ya Bwana, huku kila mmoja akijua njia ya kupita ili asikutane na mwenzake.

Mkulima wa mtama anakijua kiduha. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na kikiota hujishika kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya kabla hakijachomoza. Siku maua yake yanapoonekana, mtama umeshadhoofu. Kinyongo nacho hula chini kwa chini. Mwenye nacho husikiliza mahubiri akimtafutia adui yake kila onyo, naye hapati chochote. Akiomba haki, moyoni anaomba kisasi. Waebrania 12:15 inaonya kwamba uchungu ukishachipuka hunajisi wengi. Ndiyo maana watoto hurithi ugomvi wasioujua chanzo chake.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilishughulikia jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1929 Dkt. Joe Church, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka hawakuishia kulia kanisani. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni na kuwaendea waliowakosea. Wenyewe waliita maisha hayo kutembea nuruni.

Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere, aliyezaliwa Uganda mwaka 1919 na baadaye kufundisha shule ya sekondari huko Dodoma, jirani zetu. Mwaka 1972 alifanywa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu kwenda Rwanda. Akiwa uhamishoni alitambua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimkausha yeye mwenyewe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Wapo wanaodhani kusamehe ni kunyamazia uovu. Kivengere hakunyamaza: alikuwa miongoni mwa maaskofu waliomwandikia Amin barua ya kupinga maonevu siku chache kabla ya Luwum kuuawa. Kusamehe ni kuachilia kisasi. Hakufuti ukweli wala hakuzuii sheria kufuata mkondo wake. Mke anayepigwa anaweza kusamehe na bado akaripoti polisi. Tena kusamehe si sawa na kupatana. Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja mbele za Mungu, bali kupatana kunahitaji wawili, na toba ya aliyekosa.

Tufanye nini basi? Kwanza, taja jina la mtu na kosa lake mbele za Mungu. Sala ya kuwasamehe wote kwa jumla mara nyingi ni njia ya kumkwepa mmoja. Pili, jiulize sehemu yako katika ugomvi huo. Tatu, mwendee. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamtaka mwenye sadaka aiache kwanza, akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Mkesha hauwezi kuwa badala ya safari hiyo. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya akusindikize. Nne, kumbukumbu ikirudi kesho, samehe tena. Petro aliyeuliza kuhusu mara saba alijibiwa kwa hesabu kubwa zaidi.

Wiki ijayo tutazungumzia hofu. Kabla ya hapo, msomaji, mtafute yule uliyemkumbuka ulipokuwa ukisoma makala hii, na usiingie ibada ya Jumapili kabla hujajaribu.