Koo Lililodhaniwa Mashine (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia Bristol mwaka 1995, Portishead wakipokea Tuzo ya Mercury kwa albamu yao Dummy. Leo hatuendi mbali. Tunaingia Wiltshire, mashambani, katika banglo ya kupanga ambamo watu wawili walijifungia mwishoni mwa 1999 kutengeneza albamu yao ya kwanza. Mmoja ni Alison Goldfrapp, mwimbaji. Mwenzake ni Will Gregory, mtunzi na mpiga saksafoni. Kampuni ya Mute, iliyowalea Depeche Mode, ilikuwa imeshawasainisha mkataba. Walifanya kazi humo kwa muda wa miezi sita hivi, na kuna siku Alison alibaki peke yake na panya, wadudu na giza la shamba.

Hapo ndipo ilipozaliwa Felt Mountain, iliyotoka Septemba 2000. Nyimbo 9, dakika zisizofika hata 41.

Wahakiki wa Uingereza waliipokea kwa mikono miwili. Tatizo langu liko kwenye maneno waliyoipokelea. Karibu kila aliyeandika aliifananisha na filamu: huyu alimtaja Ennio Morricone na sinema zake za wapanda farasi, yule akamtaja John Barry na muziki wa James Bond, mwingine akamkumbuka Shirley Bassey. Portishead nao hawakukosa kutajwa, hasa kwa kuwa Alison alikuwa amekwisha kuimba kwenye Maxinquaye ya Tricky, mtoto wa Bristol. Wachache waliona kazi hii ni baridi, nguo nzuri isiyo na mtu ndani.

Mifano hiyo si ya uongo. Sikiliza fidla za "Pilots" utamwona Barry waziwazi. Lakini kumweleza msikilizaji kitu kipya kwa kumtajia tu vile kinavyofanana navyo ni sawa na kumweleza mgeni wako kwa majina ya jamaa zake: unamaliza ukoo mzima, mwenyewe bado amesimama mlangoni. Kilichokuwa kipya katika Felt Mountain kilikuwa kwenye koo.

Tuuchukue wimbo wa kwanza, "Lovely Head". Unaanza kwa mluzi. Sisi tuliokatazwa utotoni kupiga mluzi usiku, tusije tukaita nyoka, hatuhitaji kuambiwa kwamba hapa pana jambo. Mluzi unatangulia, sauti ya Alison inaingia chini kwa chini, karibu kunong'ona, fidla zinatanda nyuma yake. Kisha, pale ambapo ungengoja gitaa lipewe nafasi yake, inapanda sauti nyingine: kali, yenye kutetemeka, kama msumeno unaolia. Wasikilizaji wengi waliichukulia kuwa theremini, kile chombo kinachopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kukigusa.

Kumbe ni yeye mwenyewe. Aliimba kupitia Korg MS-20, sintesaiza ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1978. Mashine hiyo ina tundu la kupokea sauti kutoka nje. Sauti ikiingia, mashine inakifuata kimo chake, inakigeuza kuwa nguvu ya umeme, na umeme huo ndio unaoiamuru itoe mlio upi. Kwa hiyo ukisikia ule mlio unayumba, ujue ni pumzi ya mtu iliyoyumba. Mashine haikuchukua nafasi ya mwimbaji; ilimpa koo la pili. Ukishalijua hilo, wimbo mzima unabadilika, na lile neno "baridi" linakosa pa kukaa.

Liko na suala la jina. Kundi linaitwa Goldfrapp, jina la ukoo la Alison, na kwenye majalada na video anayeonekana ni yeye. Mpaka leo wako wanaodhani ni msanii mmoja. Dhana hiyo inamwibia Gregory, maana mpangilio wa vyombo ni kazi yake kubwa. Inamwibia Alison pia, kwa sababu inamfanya uso na sauti tu, ilhali waliandika na kutayarisha muziki huo kwa pamoja.

Sokoni mambo yalikwenda taratibu. Albamu haikupita nafasi ya 57 kwenye chati ya Uingereza. Lakini makala za wahakiki ziliendelea kuwavuta wasikilizaji mmoja mmoja, hata ikafikia kiwango cha dhahabu. Mwaka 2001 iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Mercury. Sherehe iliangukia tarehe 11 Septemba. PJ Harvey, aliyeshinda, alikuwa Washington siku hiyo, mji ambao Pentagon yake ilikuwa imetoka kushambuliwa, naye alizungumza na ukumbi kwa simu. Ni nani angekuwa na moyo wa kujadili albamu kesho yake?

Kisha ikatoka Black Cherry, 2003. Ngoma nzito, midundo ya disko, fidla zimerudi nyuma. Baadhi ya walioipenda Felt Mountain walihisi wamesalitiwa, nao wakaigeuza ile ya kwanza kuwa rungu la kuipigia ya pili. Naona hawakuitendea haki yoyote kati ya hizo mbili. Sikiliza "Strict Machine", kisha urudi kwenye "Lovely Head": ni mtu yuleyule anayeisogelea mashine kwa mdomo wake, safari hii akitaka kucheza nayo.

Mwaka 2022 walipanda tena jukwaani kuipiga Felt Mountain nzima, miaka zaidi ya 20 baada ya ile banglo.

Wiki ijayo tutavuka bahari mpaka Versailles, kwa vijana wawili wa Air: mmoja alisomea usanifu majengo, mwingine hisabati.