Fahamu: Uzito, dawa na maumivu ya goti
Ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti, yaani tishu laini inayozuia mifupa kusagana, huwaelemea zaidi wenye uzito mkubwa, kwani kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua, nafuu isiyo ndogo kwa mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, apandaye ngazi zilizosimama wima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wagonjwa wanene waliodungwa semaglutide, dawa itulizayo njaa, kwa wiki 68 walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 13.7 na maumivu yakapungua pia. Sindano hiyo ni ghali. Lakini kupunguza vyakula vinenepeshavyo kama mahamri ni bure. Navyo vidonge vya ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu, visimezwe kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, kwa kuwa huweza kudhuru tumbo na figo.