Paka Alale Ndani

Katika vijiji vyetu vya Lushebere, jirani na Masisi, mna desturi moja ambayo twaona inawapotezea watu chakula chao. Mchana paka huota jua mlangoni, watoto humchezea, naye mama humtupia tonge la bugali. Jioni mlango hufungwa, paka yuko nje. Ukimwuliza baba wa nyumba sababu yake, atakujibu kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji. Basi usiku kucha paka huyo hutembea bondeni, nao panya hukaa ghalani juu ya maharagi ya mbegu. Asubuhi gunia limetobolewa, na msimu wa kupanda u karibu.

Neno hilo la njaa lina sura ya akili, lakini halisimami. Tamaa ya kuwinda na njaa ya tumbo ni mambo mawili katika paka. Yeye huweza kuacha bakuli lake akisikia mkwaruzo wa panya, amwue, kisha arudi kula. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, huko Uingereza, walitangaza majaribio waliyofanya kwa paka 355 katika nyumba 219. Wale waliolishwa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo waliyoyaleta nyumbani kwa asilimia 36. Walipunguza, ndiyo, hawakuacha. Kwa mwenye ghala, paka aliyekula kidogo naye yu ndani anafaa kuliko mwenye njaa aliyepotelea mashambani.

Katika mji huohuo wa Exeter jambo hili lilijulikana zamani sana. Vitabu vya hesabu vya kanisa kuu, kati ya mwaka 1305 na 1467, vyaonyesha peni 13 zilizotolewa kila robo ya mwaka kwa ajili ya paka, yaani peni moja kwa juma. Baadaye, mwaka 1598, askofu wa Kianglikana William Cotton aliwalipa maseremala peni 8 wamtobolee paka tundu chini ya mlango wa saa kubwa ya kanisa. Paka wa kanisa alikuwa na mshahara na mlango wake; sisi twamnyima wetu hata kichwa cha sambaza!

Tena usiku wa nje una hatari zake. Madume hupigana, na jeraha la jino la paka hufunga juu huku usaha ukikaa chini. Mbwa wanaozurura humrarua. Jirani ametega sumu ya panya. Panya aliyeila hafi mara moja, hutambaa kwa siku kadhaa akiwa mlegevu, naye paka humkamata bila taabu na kuila sumu ileile. Kuna na watu wanaomrushia mawe paka aliye juu ya bati, wakisema ametumwa na mchawi, kumbe ni paka wa shule anayetafuta pa kujikinga na baridi ya milima.

Sasa, namna ya kumwingiza. Kumkimbiza hakufai kitu: paka akikimbizwa mara mbili hujifunza kwamba jioni ni saa ya kujificha. Yafaa kumwekea saa, na katika hilo sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati. Ulaya jua la jioni huhama sana kutoka mwezi hata mwezi. Kwetu huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likitofautiana kwa nusu saa hivi. Paka naye kwa tabia yake huamkia kazi wakati wa magharibi na wakati wa alfajiri. Giza likishaingia, naye ameshavuka migomba, hasikii tena wito wa mtu. Aitwe basi kabla, kama saa kumi na moja na nusu, na chakula chake kikubwa cha siku kiwe hicho.

Mtoto mmoja apewe kazi hiyo, na sauti iwe moja kila siku: kugonga sahani ya bati kwatosha. Sauti hiyo isitumiwe kamwe kumwita paka apigwe au apewe dawa. Katika sahani mwekwe sambaza wachache waliokaushwa, wamwagiwe maji ya moto, kwa maana harufu huenda mbali kuliko jina. Samaki hao walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo wakavu wao huuzwa hata mbali na ziwa. Wenye ng'ombe hupenda kumpa paka maziwa. Paka wengi wakiisha kukua hawawezi kuyasaga maziwa vizuri, nao huharisha ndani ya nyumba. Kisha paka hulaumiwa kwa uchafu. Maji yake ya kunywa ni maji tu.

Akiisha kula, mlango ufungwe polepole, bila kishindo. Usiku wa kwanza atalia. Wa pili atalia tena. Hapa ndipo wengi hushindwa: baba huamka saa sita za usiku, hufungua mlango kwa hasira, na paka amejifunza kwamba kilio ni ufunguo. Afunguliwe alfajiri, kila siku kwa saa ileile. Alazwe jikoni au ghalani, juu ya gunia lililowekwa mahali palipoinuka, si katika kitanda cha mtoto mchanga. Wala watu wasiingize mbabula yenye makaa katika chumba cha kulala ili yeye au wao wapate joto. Hewa ya makaa haina harufu, nayo huua wote waliolala.

Pembeni liwekwe sanduku la majivu na udongo mkavu kwa haja zake, nalo limwagwe kila siku mbali na kisima. Mama mwenye mimba asilishike, kwa sababu mavi ya paka yaweza kuwa na kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni. Na paka akimwuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya upesi: kichaa cha mbwa humpata paka pia.

Limebaki neno kwa jamaa waliohama, na Masisi katika miaka hii ya vita wamehama wengi, wakarudi, wakahama tena. Paka hushikamana na mahali. Ukimbeba katika kikapu hata makao mapya ukamwachia siku hiyohiyo, atatafuta njia ya nyumba ya zamani na kupotea. Afungiwe ndani majuma mawili au matatu, akilishwa jioni kwa sahani ileile aliyoizoea, ikigongwa vilevile. Na siku ya kwanza ya kumfungulia iwe karibu na saa ya chakula, kabla hajala. Njaa itamrudisha siku hiyo.