Alianza kwa kushindwa mara 47

Ikiwa uko na kijana anayekimbilia tereni ya basketi kila jioni, bila shaka umekwisha kusikia majina ya wachezaji wakubwa, upende usipende. Lakini muzee mwenye nywele nyeupe na uso wa kukasirika, yule anayesimama pembeni, pengine humujui. Huyu ni Gregg Popovich. Alifundisha ekipe ya San Antonio Spurs, kule Texas katika Marekani, tangu mwaka 1996 mpaka 2025. Katika mashindano yao makubwa, yanayoitwa NBA, hakuna mwalimu aliyeandikiwa ushindi mwingi kumupita yeye: machi 1422.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza 1949 katika muji wa East Chicago, muji wa viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa wa asili ya Serbia, mama wa asili ya Kroatia. Wewe unayekaa Likasi ao Kolwezi, muji wa namna ile huna lazima ya kuelezewa. Popovich alisoma kwenye chuo cha jeshi la anga, akamaliza 1970. Kisha akafundisha miaka mingi kwenye chuo kidogo cha California, Pomona-Pitzer, kule wanafunzi hawalipiwi masomo sababu ya basketi. Mwaka 1986 akawapatia kombe la ligi yao, kombe walilolikosa miaka 68.

Sasa sikia namna alivyoanza San Antonio. Alikuwa mukubwa wa mambo ya ekipe, yule anayechagua wachezaji na kuandika walimu. Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 1996, akamufukuza mwalimu Bob Hill, akakaa yeye mwenyewe mahali pake. Watu wakanung'unika, na sisi tunawaelewa: shefu anayefukuza mutu na kuchukua kiti chake, nani atamusifu? Na matokeo hayakumusaidia. Muchezaji wao wa kwanza, David Robinson, akavunjika mguu. Mpaka mwisho wa musimu ule Popovich alishinda machi 17, akashindwa 47.

Lakini kule NBA ekipe zilizoshindwa zinapigiwa kura ya bahati, ili zichague mbele kati ya vijana wanaotoka kwenye masomo. Mwaka 1997 bahati ikaangukia San Antonio, wakamuchukua Tim Duncan, kijana wa Visiwa vya Virgin. Wengi wanasema ni Duncan njo alimufanya Popovich kuwa mukubwa. Kuna ukweli ndani. Lakini usisahau mwaka 1999: Duncan alikuwapo, Robinson alikuwa amepona, na bado ekipe ilianza vibaya, kushinda 6 na kushindwa 8. Redio na magazeti ya pale yakaanza kuhesabu siku za mwalimu. Hawakumufukuza. Katika machi 36 zilizobaki za musimu ule walishinda 31, na mwezi wa sita wakabeba kombe lao la kwanza. Makombe mengine yalikuja 2003, 2005, 2007 na 2014. Lile la 2003 waliwashinda New Jersey Nets, ekipe iliyokuwa na Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa.

Alikuwa mukali. Lakini angalia alimukaripia nani: Duncan mwenyewe, mbele ya wote. Makapita wanaowapigia kelele wadogo tu na kucheka na wakubwa, tunawajua wote. Muchezaji mudogo akiona mukubwa wake anakaripiwa na kunyamaza, atasema nini? Duncan alibaki pale musimu 19. Manu Ginóbili, wa Argentina, alichaguliwa wa 57 katika vijana 58. Tony Parker, wa Ufaransa, alikuja akiwa na miaka 19. Nao walishinda makombe mane kila mutu.

Ukali peke yake haukai miaka 29. Dawa yake ingine ilikuwa meza. Popovich alipenda kukalisha ekipe yote pamoja kwa chakula, na kuchagua hoteli yeye mwenyewe. Tarehe 18 mwezi wa sita 2013, kule Miami, walikuwa mbele kwa poenti 5, zikibaki sekunde 28 tu wapate kombe. Watu wa ulinzi walikuwa wanaleta kamba za kuzungushia tereni. Ray Allen wa Miami akarusha mupira wa poenti tatu, ukaingia. Dakika zikaongezwa, San Antonio wakapoteza. Meza ya kusherehekea ilikuwa imekwisha kuagizwa. Ungefanya nini wewe? Wengi wangemutuma kila mutu akalie ku chumba chake. Popovich akasema twende wote. Kule akapita meza kwa meza, akimushika mumoja begani, akiongea na mwingine. Siku mbili nyuma yake wakapoteza tena, na kombe likaenda. Mwaka 2014 wakakutana na Miami tena: San Antonio mara 4, Miami mara 1.

Ku chumba cha wachezaji alikuwa ametundika maneno ya Jacob Riis, mwandishi wa zamani, juu ya mupasuaji wa mawe anayepiga mara nyingi mbele ya jiwe kupasuka, yakiandikwa kwa luga za wachezaji wenyewe. Watu wa mugodi hawana lazima ya mutafsiri.

Hakuwa malaika. Waandishi wa habari aliwajibu kwa neno moja ao mawili, na mara ingine aliwadharau bure. Mwaka 2018 muke wake Erin alikufa. Tangu 2020 ekipe haikufika tena kwenye mashindano ya mwisho chini yake, hata kama mwaka 2021 alipata zahabu ya Olimpiki ya Tokyo pamoja na ekipe ya Marekani. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024 akapatwa na kiharusi. Mitch Johnson, musaidizi wake, akashika kazi; na ushindi wa musimu ule, kwa sheria yao, uliandikwa kwa jina la muzee.

Mwezi wa pili 2025 Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi, aliingia San Antonio. Tereni ilikuwa na Johnson. Tarehe 2 mwezi wa tano Popovich akaacha kufundisha, akabaki katika ofisi ya ekipe.