Nyumbani huhama, kwetu hubaki

Mimi ninasoma Kisangani, mama yuko Butembo. Zamani, kijiji chetu cha teritwari ya Lubero alikiita nyumbani au kwetu, bila kuchagua. Tangu vita vilipowaondoa kule wakapanga vyumba viwili mjini, ananiuliza kwenye simu: « Utarudi nyumbani lini? », na ana maana ya vile vyumba viwili. Lakini akisema kwetu, najua anazungumzia mlimani. Hajachanganya hata mara moja. Tuone basi tofauti hiyo inatoka wapi.

Nyumbani ni nomino nyumba pamoja na -ni ya mahali. Jengo limo ndani ya neno. Ukihamia jengo lingine, neno linakufuata. Kwetu halina nomino. Lina ku- ya mahali na -etu ya kumiliki, na u inageuka w mbele ya irabu. Kinachomilikiwa hakitajwi. Kuna mahali, na kuna sisi. Kinande cha mama kinafanya vilevile: ewetu, bila nyumba yoyote ndani yake.

Ku- ina ndugu wawili. Katika hesabu ya ngeli za Kibantu, pa- ni ya 16, ku- ya 17, mu- ya 18. Kiswahili sanifu hakiviweki tena viambishi hivi mbele ya nomino kama nyumba, lakini vimebaki katika upatanisho: nyumbani petu, nyumbani kwetu, nyumbani mwetu. Sisi wa Kongo bado tunaviweka mbele: mu nyumba, ku soko. Darasani tunasahihishwa, na katika insha ya Kiswahili sanifu ni haki. Hata hivyo, mpangilio huo si uzembe: Kinande kinasema omo nyumba, na lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka hufuata njia hiyo.

Ndugu hawa watatu hawasemi jambo moja. Pa- ni mahali dhahiri: petu ni ule uwanja ambapo nyanya alianika maharagwe juu ya mkeka, ningeweza kukuonyesha kwa kidole. Mu- ni ndani: mwetu ni moshi wa mafiga matatu, na sisi watoto tumebanana kwa baridi ya alfajiri. Ku- ni upande tu, hata kama haupaoni. Jirani aliyepita kule anasema mabati yameng'olewa na uwanja umeota majani. Mwetu hakuna tena, petu hapatambulikani. Kwetu bado kupo, kwa sababu neno hilo halikudai ukuta wala paa.

Nilifurahia maelezo haya mpaka likizo iliyopita. Mdogo wangu wa mwisho, mwenye miaka minne, alikimbia vita akiwa mgongoni mwa mama. Alipotoka kucheza alinishika mkono akaniambia: « Yaya, twende kwetu », akanivuta kuelekea vile vyumba viwili. Hakukosea sarufi. Ku- ni ileile. Kilichobadilika ni -etu, yaani sisi ni nani, na tunakumbuka nini.

Nilimtazama mama, nikidhani atamsahihisha. Alisogeza sufuria motoni, akasema: « Ingieni, chakula kiko tayari. »