Kuweka Akiba na Kuwa Bahili

 



Katika bonde la Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, mpunga huvunwa masika yanapoishia. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huwa imekwisha kujaa na kupungua, na harufu ya mchele mpya husikika kutoka kila jiko. Wakati huo baba wa nyumba huyapanga magunia yake ghalani, huyahesabu, kisha husema, “Haya hayaguswi.” Je, baba huyo anaweka akiba, au ni bahili? Kwa kumtazama tu hatuwezi kujua. Wote wawili hufunga mlango ule ule kwa ufunguo ule ule.

Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao katika kutoa kwao hawaruki mipaka wala hawabani kwa uchoyo, bali hushika njia iliyo kati ya hayo. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 29, bahili anapigiwa mfano wa mtu ambaye mkono wake umefungwa shingoni. Mkono wa namna hiyo haumpi jirani kitu, na hata mwenyewe haumfai. Waswahili nao humwita bahili mkono wa birika, na kila aliyeshika birika anaujua mkono wake ulivyopinda kumrudia mwenyewe.

Basi tupimeje? Sisi tunaona kwamba swali la kuuliza ni moja: katika kubana huku, ni nani anayenyimwa? Mwenye kuweka akiba hujinyima yeye mwenyewe kile ambacho angeweza kukikosa bila ya madhara, ili baadaye asikose cha lazima, na asikose cha kuwapa walio juu yake. Bahili huzuia haki ya mtu mwingine, kisha huita kitendo chake busara.

Nabii Yusuf (A.S.) aliwaagiza watu wa Misri waache nafaka katika masuke yake kwa miaka saba, ila kidogo watakachokula. Wakulima wa Kyela wanaielewa hekima hiyo bila ya kufasiriwa, kwani mpunga wenye maganda hudumu kuliko mchele uliokwisha kukobolewa, na mwenye akili hukoboa kwa kadiri ya mahitaji. Lakini ghala la Yusuf lilifunguliwa njaa ilipofika, hata kwa wageni waliotoka Kanaani, na miongoni mwao walikuwamo ndugu zake waliomtupa kisimani. Husemwa kwamba akiba haiozi. Sisi tunaoijua mvua ya Kyela tunajua pia kwamba gunia lililosahauliwa penye unyevu huoza vizuri sana.

Sasa watazameni wale wenye shamba waliotajwa katika Sura ya Al-Qalam. Wafasiri wanaeleza kwamba baba yao alikuwa akiwapa maskini fungu lao kila mavuno. Alipokufa, wanawe wakasema kwamba mali ni kidogo na watoto wao ni wengi. Hawakusema, “Tuwe mabahili.” Walijiona wanapanga matumizi! Wakaapa kuvuna alfajiri, wakaenda wakinong’onezana ili maskini asije akawasikia. Walipofika wakakuta shamba limekwisha teketea usiku.

Haki ya maskini katika mavuno haikuachiwa hisani ya moyo. Ni zaka, yenye kipimo chake. Nafaka inayonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi; inayonyweshwa kwa gharama na kazi ya kuteka maji hutolewa sehemu moja ya ishirini. Kiwango cha chini ni wasaki tano, yaani pishi 300 za Mtume. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba mpunga ukipimwa na maganda yake kiwango ni wasaki kumi, kwa kuwa maganda si chakula. Na aya ya 141 ya Sura ya Al-An’am, inayoamrisha haki hiyo itolewe siku ya mavuno, ndiyo hiyo hiyo inayokataza israfu. Mambo hayo mawili yamewekwa mahali pamoja.

Tena kuna bahili wa nyumbani. Hind, mke wa Abu Sufyan, alimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni mtu mchoyo, hampi yeye na wanawe chakula cha kutosha. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa wema. Mume anayevaa kanzu yenye kiraka ili watoto wapate daftari hana lawama. Anayehesabu vijiko vya mafuta ya mkewe huku yeye mwenyewe akila nyama mgahawani, huyo hukumu yake imekwisha kutolewa zamani.

Lakini tusiwasahau wale wanaoharibikiwa kwa kuliogopa neno “bahili”. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1951, alieleza jinsi watu wa rika moja walivyojenga kijiji kimoja na kula pamoja. Desturi hiyo ina uzuri wake mkubwa. Ila mtu anayeuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya kutupa, ili arusi ya binti yake isemwe, anawanyima watoto wake chakula cha Februari. Yeye na bahili wamefika penye kosa moja kwa njia mbili.

Sura ya Al-Maun inawakemea wenye kuzuia vyombo vya kuazimana. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyoletwa Matema kwa mitumbwi, havipungui unene kwa kuazimwa na jirani. Vikirudi na ufa, hilo ni jambo la kuzungumzwa kwa upole. Na Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume kwamba apikapo mchuzi auongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Hakuambiwa achinje mbuzi wa pili. Nyama ilibaki ile ile, na kilichoongezwa chunguni kilikuwa maji.