Picha ya Rusumo Inapokwenda Kuchapwa

Haya wanangu, sogeeni. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia safari ya picha, kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi kwenye karatasi. Safari yenyewe ni fupi, lakini picha nyingi huharibikia njiani.

Tuseme msichana mmoja wa Ngara amechora Maporomoko ya Rusumo, pale mto Kagera unapotenganisha Tanzania na Rwanda. Hana fedha za kununua programu, wala hazihitaji. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuunda programu ya picha iitwayo GIMP, na mwaka uliofuata wakaitoa bure. Baadaye zikaja Inkscape kwa michoro ya mistari na Scribus kwa kupanga kurasa. Zote hazilipiwi, na ukishazipakua zinafanya kazi hata bando likiisha.

Sasa tegeni sikio. Kioo kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Kompyuta hupata rangi zake kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mtambo wa kuchapa una wino: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Ndiyo maana kijani kinachowaka kwenye kioo hufifia kikifika kwenye karatasi. Msichana wetu ana bahati, maana maji ya Rusumo yana rangi ya udongo, na wino unaiweza rangi hiyo. Anga lake la bluu ndilo litakalomsumbua. Basi na apeleke picha kwenye Scribus, aitoe kama PDF yenye rangi za wino, aone mwenyewe kilichofifia kabla hajalipa.

Na nyeupe je? Kwa kawaida nyeupe haichapwi. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Vukeni daraja la Rusumo, mshike njia ya Kigali, mtafika Nyakarambi. Huko akina mama hutengeneza imigongo: kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kikafinyangwa matuta membamba yenye pembe kali juu ya ubao, kisha kikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mchoro wa namna hiyo kwenye fulana nyeupe unataka wino wa rangi mbili tu. Kwa kuwa kila rangi ya fulana huchapwa kwa fremu yake, rangi chache ni gharama chache. Kijana anayeanza ningemtuma huko kwanza, machweo ya rangi elfu yangoje.

Ukubwa nao haudanganyiki. Uchapaji mzuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 basi ni nukta 2480 kwa 3508, na unazipanga kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Ukija kuzikuza baadaye, programu inabahatisha tu, na picha inatoka na ukungu. Mistari ya Inkscape haina shida hiyo, maana hukokotolewa upya kila unapoikuza. Bango la kutundikwa sokoni Biharamulo litatoka safi sawa na kadi ya mwaliko.

Pembeni ongeza milimita 3 za rangi kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia karatasi kikihama kidogo tu, utaona uzi mweupe ukingoni. Maandishi yageuze kuwa mistari, kwani kompyuta ya steshenari huenda haina aina yako ya herufi. Na faili msiitume WhatsApp kama picha, kwa sababu itapunguzwa nukta. Itumeni kama dokyumenti, au ipelekeni kwa flashi.

Mkifika kwa mchapaji, ombeni nakala moja kwanza. Itoeni nje, muitazame kwenye mwanga wa jua, ndipo muagize zilizobaki.